Ngazi ya Kwenda Ofisi ya Juu

Kila asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, wafanyakazi wa supamaketi husimama mbele ya tili kusikiliza matangazo ya siku: bidhaa gani ina ofa, nani alichelewa jana, tili ipi ilipata shoti ya pesa. Jumatatu moja, katika duka moja la Mombasa, tangazo lilikuwa mtu. Meneja alimgusa bega kijana wa miaka 26, shati lake bado lina mikunjo ya dukani, akasema huyu ndiye msaidizi wake kuanzia leo. Kisha akamgeukia keshia aliyekalia tili hizo kwa miaka 11. "Dada, utamwonyesha namna ya kufunga hesabu za jioni."

Akamwonyesha. Hakumficha kitu. Siku ya nne, walipotoka kazini, akamchukua hadi kwenye benchi la muuza mahamri karibu na Mwembe Tayari, maana kijana alikuwa mgeni mjini na hakujua pa kula. Hapo, mbele ya mbaazi na chai ya tangawizi, akamuuliza swali lililokuwa limemkaa kooni tangu Jumatatu: ikiwa mimi ndiye ninayejua na wewe ndiye unayejifunza, imekuwaje ukaenda juu wewe?

Juu, katika duka lile, ni juu kwelikweli. Nyuma ya stoo kuna ngazi ya chuma, na mwisho wake ofisi yenye kioo kinachotazama tili zote. Keshia ameipanda ngazi hiyo mara nyingi, kwenda kusaini likizo au kueleza shoti. Hajawahi kuambiwa keti.

Benchini tulikuwa watu sita. Majina nayaacha, na la duka pia. Alikuwepo Mzee, meneja mstaafu wa matawi mawili, ambaye hunywa chai hapo kila jioni; mama wa sehemu ya mboga na matunda; kijana anayepanga rafu za sabuni; keshia na msaidizi mpya; na mimi, niliyepanga rafu miezi minane kabla ya kuanza kuishi kwa kalamu. Nina upande wangu katika jambo hili na sitauficha.

MZEE: Mimi nilianza mwaka 1988, nabeba magunia ya sukari kutoka kwenye lori. Cheti changu kilikuwa cha kidato cha nne, basi. Miaka 13 baadaye nikapewa tawi. Watu huniuliza nilimjua nani. Sikumjua mtu. Nilifika kabla ya wenzangu, na nilikuwa naandika.

KESHIA: Na mimi nafika kabla ya wenzangu, Mzee wangu.

MZEE: Najua, mwanangu. Lakini unaandika?

KESHIA: Niandike nini? Bidhaa inapita kwenye mashine, inalia, imekwenda. Hesabu yake inatokea juu.

MZEE: Mimi niliandika kinachoisha. Tarehe 28 hadi tarehe 3, watu wamelipwa, unga wa bandali na mafuta ya lita tano. Januari, madaftari. Na Ramadhani! Tende lazima ziwe stoo wiki moja kabla mwezi haujaandama. Ukizileta mwezi umeshaandama, mteja amekwisha kununua sokoni Markiti. Wakala wa kampuni alikuwa anakuja na kitabu chake cha oda, na meneja wangu alikuwa na desturi moja: alinipigia ukelele kutoka huko juu, "Kijana, tende ngapi?" Nikisema katoni 60, anaandika 60. Mwaka mmoja nikapandwa na kiburi, nikasema 200. Akaandika 200. Zilibaki hadi Idi ya kuchinja. Hakunifukuza. Alinikalisha kwenye kiti chake, akanitaka nihesabu mwenyewe tumepoteza kiasi gani, kisha nikaziuze nusu bei.

Tulicheka kidogo, lakini keshia hakucheka. Alikuwa ameacha kula.

KESHIA: Kwa hiyo ulionyeshwa.

MZEE: Nini?

KESHIA: Unasema ulipanda kwa kuandika na kuamka mapema. Lakini kulikuwa na mtu juu aliyekuuliza tende ngapi, akakuachia ukosee, akakupa kiti uhesabu hasara. Mimi kwa miaka 11 nimeulizwa kama nina chenji.

Mzee hakujibu mara moja, na nadhani hapo ndipo lilipo fundo la jambo lote. Mjadala wa kupanda cheo dukani kwa kawaida huenda kwenye bidii: nani mvivu, nani mvumilivu. Bidii ipo tele. Kapitie duka lolote saa mbili usiku mwisho wa mwezi ujionee. Kilichokuwepo zamani na sasa kimepungua ni maamuzi madogo yaliyokuwa yakifanyika chini, machoni pa mbebaji. Duka la enzi ya Mzee liliagiza lenyewe. Leo, katika makampuni makubwa, oda nyingi hutoka makao makuu au hupendekezwa na kompyuta inayosoma mauzo ya tili, lori huja kutoka ghala kuu, na hata mpangilio wa rafu huja umekwisha kuchorwa. Simlaumu aliyebuni mpango huo, huokoa pesa. Ila yale maamuzi ndiyo yaliyokuwa shule, na shule imehama bila wanafunzi wake. Mfanyakazi wa chini amebakiwa na mikono tu. Kisha nafasi ikitokea, tunamwambia hana uzoefu wa uongozi.

MSAIDIZI: Niruhusuni niseme langu, maana ni mimi ninayezungumziwa. Sikuiba nafasi ya dada. Niliona tangazo la mafunzo ya umeneja, lilitaka shahada, nikaomba.

KESHIA: Tangazo lilikuwa wapi?

MSAIDIZI: Kwenye tovuti ya kampuni.

KESHIA: Ukuta wa chumba chetu cha kulia una tangazo la kupima presha na tangazo la simu zizimwe. Hilo lako halikupita pale.

MSAIDIZI: Hilo ni kosa, nakubali. Lakini nikwambie ninachokiamini. Umeneja ni kazi nyingine kabisa. Kukaa tili vizuri na kuendesha watu 80 ni vitu viwili. Tulisoma chuoni kitabu cha Laurence Peter cha mwaka 1969: mtu hupandishwa kwa alichokiweza jana mpaka afike pale asipokiweza, na hapo ndipo hubaki. Na watafiti watatu, Benson, Li na Shue, walichunguza wauzaji wa makampuni mengi ya Marekani, wakatoa matokeo mwaka 2019. Wauzaji bora ndio waliopandishwa zaidi, na ndio waliokuja kuwa mameneja dhaifu zaidi. Mauzo ya timu zao yalishuka.

Ninautambua utafiti huo na ninauheshimu. Lakini watafiti haohao hawakuishia hapo. Waliingia katika kampuni moja kubwa ya maduka ya Amerika Kaskazini, wakapitia rekodi za wafanyakazi karibu 30,000 walio katika njia ya umeneja. Kila mmoja alikuwa na alama mbili kutoka kwa mkubwa wake: ya kazi aliyoifanya, na ya kile anachodhaniwa ataweza kukifanya. Wanawake walipata alama za juu kuliko wanaume katika kazi, na za chini katika kudhaniwa. Alama ya pili ndiyo iliyofungua mlango. Mwaka uliofuata wanawake wale walifanya vizuri kuliko wanaume waliopewa alama sawa nao za kudhaniwa, na bado wakadhaniwa kidogo tena. Basi tukisema umeneja ni kipaji kingine, ni lazima tuulize nani anakipima, na anakiona kwa jicho gani.

KESHIA: Watu 80, umesema. Tarehe mosi jioni mtandao wa M-Pesa ukigoma, foleni tili sita, mmoja anadai amekwisha kulipa na ujumbe haujaja, mwingine ana mtoto analia, keshia mpya amekwama na anataka kulia naye. Meneja yuko kwenye mkutano. Nani anaendesha watu hapo?

MSAIDIZI: Wewe. Nimeona juzi.

KESHIA: Basi sikuja kuomba sadaka.

Mzee aliagiza chai nyingine kwa wote. Ni mtu anayependa visa vya waliotoka chini, na akaanza navyo. Vingi ni vya kweli. Doug McMillon alianza Walmart mwaka 1984 akipakua malori ghalani wakati wa likizo, akawa mkurugenzi mkuu mwaka 2014. Ron Vachris, aliyechukua uongozi wa Costco mwanzoni mwa 2024, alianza kazi 1982 akiendesha foklifti katika kampuni ambayo baadaye iliungana nayo. Walmart wenyewe husema kwamba karibu asilimia 75 ya mameneja wa maduka yao Marekani walianza wakilipwa kwa saa.

Ila katika kampuni hiyohiyo ya Walmart alikuwepo pia Betty Dukes. Alianza kama keshia mwaka 1994 katika mji wa Pittsburg, California, akitamani kufika kwenye umeneja. Hakufika. Mwaka 2001 yeye na wenzake walishtaki, na kesi ikakua hadi kuwajumuisha wanawake takriban milioni 1.5. Waliyoyalalamikia yangeeleweka vizuri sana kwenye benchi letu: nafasi nyingi hazikutangazwa, meneja alimchagua amtakaye, na Waamerika walikuwa na jina la mtindo huo, kuguswa bega. Wanawake walijaza asilimia 70 ya kazi za kulipwa kwa saa na asilimia 33 tu ya umeneja. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba hawawezi kwenda mahakamani kwa pamoja, kwa kuwa kila meneja aliamua kivyake na hakukuwa na sera moja iliyowaunganisha. Haikusema kwamba walitendewa haki. Dukes alifariki mwaka 2017. Nikifikiria hoja ile ya mahakama, naona imetaja ugonjwa wenyewe: hapakuwa na utaratibu, palikuwa na mikono na mabega.

MZEE: Lakini meneja lazima amwamini mtu. Hilo huwezi kuliandika ukutani. Duka lina pesa, lina mali. Mimi nilimpandisha niliyemwamini.

KESHIA: Na ulimwamini nani, Mzee wangu, bila kukosea adabu? Si yule aliyekuwa karibu nawe? Aliyekaa nawe baada ya kufunga, aliyesali nawe, mliyetazama naye mpira?

MZEE: (baada ya muda) Katika masupavaiza niliowapandisha, wanawake walikuwa wawili. Kwa miaka yote ile. Sikuwahi kuwahesabu mpaka leo.

Kijana wa rafu alikuwa kimya mpaka hapo. Fulana yake ina jina la sabuni, si la duka, na wateja hawaioni tofauti hiyo.

KIJANA WA RAFU: Nyinyi mnabishana nani apande. Mimi ngazi yenyewe si yangu. Naingia kwa mlango wa nyuma saa moja asubuhi, napanga, nafuta vumbi, najua sabuni gani inaisha Jumamosi kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Lakini mshahara wangu unatoka kwa wakala, na wakala amepewa kazi na kampuni ya sabuni. Meneja ananituma nipakue mchele, napakua. Ikija nafasi ya supavaiza, mimi si mfanyakazi wa pale. Kwa kampuni ya sabuni nako, mimi si mfanyakazi wao. Niandike daftari nimpelekee nani?

Hakuna aliyemjibu, hata mimi, niliyekuwa katika hali kama yake. Nilivaa fulana ya maziwa ya unga miezi minane na siku ya kuondoka nilirudisha fulana tu. Hapakuwa na ofisi ya kuiaga. Vijana wa aina hii wamejaa katika supamaketi zetu. Kila tunapouliza ni wangapi walipandishwa kutoka chini, huwa tunawahesabu walioandikwa na duka tu, na hivyo chini yenyewe inaonekana fupi kuliko ilivyo.

Mama wa mboga ndiye aliyeubadilisha mjadala, kwa sauti ya chini, huku akikunja kanga yake.

MAMA WA MBOGA: Mimi niliguswa bega. Miaka mitatu iliyopita waliniambia niwe supavaiza. Nikakataa.

MSAIDIZI: Kwa nini, mama?

MAMA WA MBOGA: Nyongeza ilikuwa shilingi elfu mbili kwa mwezi. Kwa hizo, nifunge duka saa tatu na nusu usiku, matatu ya kwetu Likoni niifuate feri, nifike watoto wamelala. Na sehemu nzima ikihesabiwa mali ikapungua, jina la kwanza kuitwa ni langu. Aliyekuwa supavaiza kabla yangu alikatwa mshahara kwa biskuti zilizoibwa na wateja. Mwizi hakumjua. Mnasema kupanda, mimi niliona ni kubebeshwa.

MSAIDIZI: Lakini hilo ni kinyume cha sheria, mama. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19. Mwajiri anaweza kukukata kwa mali iliyopotea kwa makusudi yako wewe. Shoti ya pesa anaikata kwa yule ambaye mkataba wake unasema amekabidhiwa pesa, na awe amezembea au amedanganya. Biskuti alizoiba mteja hazimo.

MAMA WA MBOGA: Mwanangu, wewe unakijua kifungu. Yule dada hakukijua, nami ndiyo kwanza nakisikia. Umekisoma wapi?

MSAIDIZI: Katika yale mafunzo.

MAMA WA MBOGA: Haya.

Neno hilo moja, haya, lilikaa mezani kwa muda. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kubagua katika kuajiri, katika kupandisha cheo, na katika mafunzo pia. Nalisisitiza hili la mafunzo kwa sababu ndilo watu hulipita upesi. Ubaguzi wa kupandisha vyeo huonekana siku ya tangazo, na mtu akaweza kulalamika. Ule wa mafunzo hupita kimyakimya miaka kumi kabla: huyu anaitwa aone ripoti, yule anatumwa akalete ngazi abadilishe taa. Siku ya usaili mmoja ana la kusema na mwingine hana, na kila mtu anaona ni haki tupu.

Sisemi wasomi wasiajiriwe. Msaidizi yule ana mengi ya kulifaa duka, na nilimpenda kwa kutojitetea kwa hasira. Ninachokikataa ni milango miwili isiyojuana, mmoja wa tovuti na shahada, mwingine wa bega na bahati, na katikati watu wanaolijua duka kwa miguu yao wakiambiwa wavumilie. Mchezo ulivyo, hata waliopanda hawako salama. Supamaketi ya Nakumatt ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne za Afrika Mashariki. Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe. Uchumi, supamaketi nyingine, iliyoanzishwa 1975, ilifunga maduka yake Uganda na Tanzania mwaka 2015. Maelfu waliopanda ngazi kwa miaka walijikuta nje, na cheo kilichotokana na kuaminiwa na meneja mmoja hakihamishiki, kilikufa naye. Aliyekuwa amefundishwa kusoma ripoti, kuandaa zamu na kuhesabu upotevu aliweza kuyasema hayo mbele ya mwajiri mwingine. Aliyekuwa "mtu wa kuaminika" tu alianza upya kwenye tili.

MZEE: Hilo nalijua kwa mwili wangu. Duka letu la mwisho lilipofungwa, makeshia wangu walinijia niwaandikie barua. Niliandika "mwaminifu, mchapakazi, hana tatizo". Barua 14, zote sawa. Sikuwa na kingine cha kuandika kwa sababu sikuwa nimewapa kingine cha kufanya.

Muuza mahamri alianza kufunika sufuria. Mama wa mboga alisimama kuiwahi feri. Keshia akatoa kwenye mkoba wake daftari dogo la mistari, jipya, bei bado imebandikwa nyuma, akaliweka mbele ya msaidizi.

KESHIA: Ile ripoti unayoisoma juu kila Jumatatu. Ya mauzo na upotevu. Mimi nimekuonyesha kufunga tili. Nionyeshe nawe.

MSAIDIZI: Neno la siri la kompyuta ni langu peke yangu, dada, siwezi kukupa.

KESHIA: Sikuomba neno la siri. Nimeomba kukaa kando yako nione.

MSAIDIZI: Nitahitaji kumwambia meneja.

KESHIA: Mwambie. Na umwambie mimi ndiye niliyeomba, kwa jina.

Akafikiri kidogo, akitazama lile daftari.

MSAIDIZI: Jumanne, saa tisa, kabla ya foleni ya jioni. Kuna viti viwili.

MZEE: Ramadhani imebaki miezi mingapi? Anzeni na tende.